Tai ya Marehemu Gregory Kimani Maina, 1950–2025

Marehemu Gregory Kimani Maina alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 karibu na mji wa Karatina, Nyeri, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maina na marehemu Mama Wanjira. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alikuja duniani bila kulia. Alikodoa macho, akawatazama wakunga mmoja mmoja, hadi wakashindwa kujizuia kucheka. Waliomfahamu hawatahitaji ushahidi.

Alisoma shule ya msingi Karatina na sekondari mjini Nyeri, kisha mwaka 1971 akajiunga na chuo cha ufundi Nairobi. Bwenini kulikuwa na televisheni moja, na jioni za Ijumaa ilionyesha wachekeshaji wa Kiingereza wa enzi hizo. Wenzake walisubiri mtu aanguke. Kimani yeye alisubiri kuuona uso wa mtu huyo akishaanguka: mchekeshaji aliinuka, akapangusa kofia, akaendelea na safari zake kana kwamba hakuna lililotokea. "Akicheka yeye, mimi nibakie na kazi gani?" aliuliza, na aliendelea kuuliza hivyo maisha yake yote.

Aliwasili Stockholm, Uswidi, Septemba 1977 kusomea umeme, na hadi alipostaafu mwaka 2015 alikuwa fundi wa lifti. Alikuwa makini sana kazini, lakini hapa familia haina budi kumwanika kidogo. Wapo watu wa mtaa wa Kista wanaokumbuka fundi mrefu aliyeingia kwenye lifti na mkoba wa vifaa, akatazama juu, akatikisa kichwa polepole, kisha akashuka ghorofa iliyofuata bila neno. Waliobaki ndani walianza kusemeshana kwa mara ya kwanza tangu wahamie jengo lile.

Tarehe 8 Juni 1985 alifunga ndoa na Brigitha Wamaitha katika kanisa moja la Sundbyberg, na mwaka 1989 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Natalie. Ijumaa ilikuwa siku ya baba na binti: mukimo wa viazi na mahindi, chai na kanda za video za wale wachekeshaji wake. Natalie alipokua akaanza kuleta wachekeshaji wake yeye, Waingereza wa siku hizi wanaosimama na maikrofoni na kueleza talaka zao, madaktari wao na mama zao. Ndipo ubishi ulipoanza.

"Wa zamani alianguka yeye mwenyewe," Kimani alisema. "Huyu anamwangusha mama yake mbele ya watu."

"Lakini Baba, wa zamani hawakuanguka peke yao," Natalie akamjibu. Akaweka kanda moja aliyoipenda sana mzee, akaisimamisha pale ambapo jamaa mmoja alikuwa amejipaka masizi usoni na kutumbua macho. "Huyu anamwiga nani? Si wewe? Angalau hawa wangu wanasema habari za kwao."

Kimani aliisogelea televisheni. Akaitoa kanda, na haikuonekana tena nyumbani mwake. Alikuwa mbishi, lakini akishaonyeshwa alikuwa haombi kuonyeshwa mara ya pili.

Natalie mwenyewe akawa mchekeshaji. Mwaka 2017 aliwaalika wazazi wake kwenye ukumbi mdogo Södermalm, na pale akasimulia kwamba baba yake, baada ya miaka yote hiyo Uswidi, hujifunga tai kabla ya kupiga simu ofisi ya kodi. Ukumbi ulivunjika mbavu. Kimani aliinuka, akachukua koti, akapanda treni kurudi Sundbyberg. Siku iliyofuata alimwambia binti yake maneno machache tu: "Sisi hatumtanii baba." Natalie aliacha kuisimulia hadithi ile, ingawa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Ijumaa nazo zikakatika. Wamaitha aliendelea kupika mukimo wa watu watatu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Ilituuma sote.

Mei 2021 Natalie na mumewe Emery walijaliwa mtoto, Axel. Kimani alimpakata, akamkagua vizuri, kisha akamgeukia binti yake.

"Kuanzia leo usiniite Baba. Mimi ni Guka, babu wa huyu."

"Sawa, Guka."

"Na guka hutaniwa. Hiyo ndiyo desturi yetu, si mimi nimeitunga." Akanyamaza. "Ile ya tai, bado unayo?"

Natalie alilia, na tangu wiki ile Ijumaa zikarudi.

Mapema mwaka jana, 2024, Kimani aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa upendo, na miezi ya mwisho alilala katika nyumba ya wagonjwa Hässelby. Natalie alimsimulia hadithi zake mpya pale kitandani, na yeye hakucheka hata moja, hadi muuguzi akadhani ana maumivu. Siku moja aliomba ile ya tai. Alipoisikia akamshika binti yake mkono. "Unakimbia. Ukifika kwenye tai, nyamaza. Waache wakungoje." Natalie akairudia, safari hii akinyamaza, na Guka akacheka mpaka Wamaitha akamshikilia mabega. Hivyo mzee akawa ameiongezea hadithi ya siku hizi kile alichokipenda kwa wale wa zamani.

Alifariki Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025 mchana, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Ameacha mjane, Wamaitha; binti, Natalie; mkwe, Emery; mjukuu, Axel; dada mmoja, wapwa wengi, na waumini wenzake hapa Sundbyberg.

Aliacha agizo moja: tukienda kunywa kahawa baada ya mazishi, Natalie aisimulie hadithi ya tai. Atakayecheka asione haya. Aliomba pia azikwe na tai, maana alisema safari hii hapigi simu, anakwenda mwenyewe. Asubuhi hii Natalie ndiye aliyemfunga tai hiyo. Alipofika kwenye fundo alisimama kidogo, nasi tukangoja.

Mungu ampokee Guka wa Axel na kumpumzisha kwa amani. Tai yake imekaa sawa.