Picha Mia na Nane za Bwana Umande

Ndugu waombolezaji, familia imeniomba mimi, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya baba yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Umande, na kwa kuwa alichukia tarehe za kukisia, nimezihakiki zote.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972 na sekondari hadi 1976, kisha tarehe 3 Januari 1979 akaajiriwa kuwa karani wa masijala katika ofisi ya maji, akatumika humo miaka thelathini na minne bila kupoteza jalada hata moja. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1985, wakajaliwa mabinti wawili.

Kamera aliinunua alipostaafu, na tangu hapo kila siku saa kumi na mbili asubuhi alipiga magoti uani, akipiga picha mguu wa sisimizi, uzi wa buibui, na hasa matone ya umande, kabla jua halijapanda na kuyakausha, hata mama mdogo akawa anawaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza asiyekula wala kuvaa. Alinifundisha kwamba tone ni kioo, ukiikuza picha utaona ndani yake ukuta wa ua, kamba ya nguo, na mpiga picha mwenyewe, mdogo kama punje ya ufuta.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023, macho nayo yakafifia, nami nikawa ndiye ninayezikuza picha zake kwenye kompyuta na kuziandikia tarehe. Katika picha ya tarehe 2 Machi 2024 ukuta ulikuwepo, kamba ilikuwepo, majani yaliyolala chini ya magoti yake yalionekana, magoti hayakuonekana, wala yeye. Nilidhani ni mwanga, nikakagua picha mia moja na saba zilizofuata, moja kwa kila siku, zote zilikuwa vivyo hivyo. Kila asubuhi aliniuliza, mwanangu, nimo, nami nikamjibu, umo, baba mdogo, umepiga magoti, naye akacheka na kusema basi dawa zinafanya kazi, hospitali tutakwenda mwezi ujao.

Alizidiwa tarehe 18 Juni, akafariki kesho yake, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka 66.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea licha ya kuchelewa kwetu, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa masijala.

Mama mdogo, nisamehe kwanza wewe, kwa kumficha ukweli. Baba mdogo, hukuwemo, nami niliogopa kwamba ukijua hutaamka tena. Sasa umeambiwa, pumzika kwa amani.