Mzee Gaudensi na Tela Lisilo na Balbu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2013, saa nane mchana, Mzee Gaudensi Sinkala atakabidhi funguo za chumba cha umeme cha Karakana ya Uchukuzi Lyangalile, Sumbawanga. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na saba na miezi miwili. Uongozi umemwandalia saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ila haitembei. Bila shaka ataitengeneza mwenyewe akifika nyumbani Kizwite.

Aliajiriwa Aprili 1976, karakana ikiwa mali ya ushirika, akianza na kusafisha vichwa vya betri. Mwaka 1979 akawa fundi umeme. Mwaka 1996 tulibinafsishwa. Tulipata rangi mpya ukutani, neno "menejimenti", na mameneja watano waliopokezana, kila mmoja akija na mpango wa kumfundisha Mzee Gaudensi kazi. Wote wameondoka. Yeye anaondoka wa mwisho, na kazi anaijua.

Wanaomfahamu wanajua sweta lake la kijani, kopo lake la maziwa lililojaa balbu za zamani, na kauli aliyompa kila dereva aliyekuja na malalamiko ya taa: "Kwanza arthi, halafu tuongee." Mara saba kati ya kumi, waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ndio uliokuwa umeoza, na maongezi hayakuhitajika.

Lakini tukio linalostahili kuandikwa kwa urefu ni la mwaka 2010, kwa sababu waliohusika wengine wameshaanza kulisimulia wanavyopenda.

Mwaka huo kampuni ilinunua pikapu mpya nne za kuvuta matela ya mpunga kutoka Mtowisa. Zilikuwa na kompyuta ya kusimamia kila kitu, mpaka taa. Meneja wa wakati huo akaona aibu magari ya kisasa kuvuta taa za kizamani. Bila kumuuliza fundi yeyote, akaagiza taa za LED, zile zisizotumia balbu, kwa matela yote. Zilifungwa tarehe 17 Juni. Kuanzia siku iliyofuata, pikapu zote nne zilionyesha alama ya njano kwenye dashibodi. Dereva Yonas Lugodisha aliiandika kwenye daftari la hitilafu mara tatu. Meneja alijibu mara moja, kwa wino mwekundu: "Gari jipya haliumwi. Mtazoea."

Ijumaa tarehe 2 Julai, magharibi, Yonas alikuwa akipanda mlima kutoka Muze na tela la magunia. Flavian, mkulima wa hukohuko Muze, alikuja nyuma kwa pikipiki na kuligonga. Alivunjika mguu. Alipohojiwa alisema jambo moja tu: tela halikuwa na taa hata moja.

Yonas aliapa kwamba zilikuwa zikiwaka alipotoka getini Mtowisa. Coleta, mlinzi wa geti la huko, alisema hivyohivyo, na daftari lake lilikuwa na saini. Meneja akaamua kwamba wote wawili walisaini bila kuangalia. Yonas, mwenye wazazi na watoto sita wa kulisha, aliitwa kwenye kikao cha nidhamu tarehe 14 Julai. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa. Najua, kwa sababu mimi ndiye karani niliyeichapa.

Siku ya kikao aliletwa pia mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mwenye kompyuta ya mkononi na viatu vyeupe. Alichomeka waya kwenye pikapu, akasoma, akatangaza kwamba balbu sita za tela zimeungua na dereva alipaswa kuziona. Mzee Gaudensi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kijana wangu," alisema, "tela hilo halina balbu. Hata moja. Hizo sita umezionea wapi?"

Mtaalamu alijibu kwamba kompyuta haidanganyi.

"Haidanganyi. Imedanganywa. Twendeni uani."

Uani, Coleta, aliyeitwa kikaoni kutoka Mtowisa, aliombwa akague tela kama anavyolikagua siku zote. Alisimama nyuma, mikono kiunoni, akapiga kelele ile ile waliyoizoea madereva: "Kushoto! Kulia! Breki! Haya, nenda urudi mzima!" Taa zote ziliwaka. Meneja akafurahi sana. Akasema imethibitika: kama ni nzima, basi Yonas alizizima mwenyewe njiani. Sababu ya mtu kuzima taa za tela lake mwenyewe hakuitaja.

"Sasa washa injini, baba," Mzee Gaudensi akamwambia Yonas.

Coleta alihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili, taa zote za tela zilizimika.

Mzee Gaudensi alichukua balbu moja ya zamani kwenye kopo lake, akaiunga sambamba na taa ya kushoto, akaomba injini izimwe na kuwashwa upya. Kulia kulizimika. Kushoto kukabaki kunawaka. Ndipo alipoeleza, kwa maneno ambayo hata meneja aliyaelewa: injini ikiwaka, gari linapima umeme unaotumiwa na kila taa. LED inatumia kidogo mno. Gari linadhani balbu imekufa, kwa hiyo linaikatia umeme. Injini ikiwa imezimwa, halipimi chochote.

Mtaalamu aliuliza ni mjinga gani aliyeweka utaratibu wa kukagua taa injini ikiwa imezimwa.

"Ni mimi," alisema Mzee Gaudensi. "Mwaka 1981, dizeli ya kugawiwa kwa kibali. Nikaandika kwamba taa zikaguliwe injini imezimwa. Dizeli ikarudi, kanuni yangu sikuifuta. Yonas na Coleta walifanya nilichoandika. Kama kuna barua leo, iandikwe jina langu."

Katika watu wote waliokuwa uani siku ile, aliyeagiza taa, aliyejibu kwa wino mwekundu na aliyesoma balbu zisizokuwapo, aliyesema "ni mimi" alikuwa mmoja. Menejimenti ilimpa alichoomba: barua ya onyo, tarehe 16 Julai. Meneja alihamishwa mwaka uliofuata, kwa sherehe na mbuzi wawili.

Kabla ya mwezi kuisha, Mzee Gaudensi alikuwa amefunga visanduku vya relei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, kwenye pikapu zote nne. Taa za tela zikavuta umeme moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi, na ishara ikatoka kwenye taa za nyuma za gari lenyewe, zenye balbu za kawaida. Alama ya njano haijarudi. Kisha akaandika kanuni mpya kwa mkono wake, na ipo kwenye kila geti: "Injini iwake. Hesabu hadi thelathini."

Barua ya kumfukuza Yonas niliichana. Ya onyo bado imo kwenye jalada la Mzee Gaudensi, na ndiyo karatasi pekee humo inayomsifu.

Mzee wetu, asante kwa kila taa uliyotuwashia. Pumzika vizuri Kizwite, na afya iwe yako na ya nyumba yako. Ijumaa, Yonas ndiye atakayekupeleka, vyombo vyako vikiwa kwenye tela. Coleta ameomba ruhusa apande kutoka Mtowisa ili asimame nyuma, injini ikiwaka, ahesabu hadi thelathini.