Mwalimu Sikubali na Somo la Kukataa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Mwenye redio jikoni aongeze sauti. Mwenye redio dukani amwombe mteja asubiri kidogo, sukari haiendi popote. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Mwalimu wa Kiingereza, miaka sabini na moja. Wanafunzi wake hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Sikubali, na yeye aliitika.

Mnaijua desturi yetu hapa. Mwisho wa kipindi huwa tunakaa kimya dakika moja. Leo hatutakaa kimya. Familia imekataa, tena imekataa kwa sababu, na sababu yenyewe nitawapa kabla hatujaagana. Kwanza mjueni mwenyewe.

Sikubali alizaliwa katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa ya meneja wa kiwanda. Baba yake alikuwa mpiga pasi wa nyumba hiyo. Alipiga pasi mashuka, mashati, mapazia, hata leso za kufutia pua. Meneja alizungumza Kiingereza tu. Yule mzee alikielewa vizuri, maana alikisikia kutwa. Lakini kukisema alijua maneno mawili: Yes, bosi. Fanya kazi sikukuu. Yes, bosi. Mshahara utachelewa. Yes, bosi. Mtaani wakambatiza Yesibosi, na jina hilo nalo akalikubali.

"Baba hakuwa mjinga," anasema mdogo wa marehemu, dereva wa lori aliyestaafu. "Nyumbani alikuwa anabishana mpaka na paka. Lakini akivuka ule ua, ulimi unaganda. Kuelewa anaelewa. Kukataa ndiko kulikomshinda."

Sasa sikilizeni jambo lililomzaa Sikubali mara ya pili. Alikuwa bado shule ya msingi. Mchana mmoja amesimama katika chumba cha kupigia pasi, anamsaidia baba yake kukunja mashuka. Meneja akaingia. Akasema yaya ameondoka, kwa hiyo kuanzia kesho binti huyu ataacha shule, atashika mtoto. Alisema hivyo huku anatafuta soksi. Baba, pasi mkononi, akajibu kama kawaida: Yes, bosi.

Binti akasema hapana. Akaisema kwa Kiingereza.

Meneja akageuka. Akamwuliza kwa nini. Hapo ndipo mtoto alipokwama. Kiingereza chake kilikuwa cha rangi, siku za wiki na viungo vya mwili. Sababu alikuwa nazo tele, zimemjaa mpaka kooni, lakini maneno ya kuzitoa hakuwa nayo. Meneja akacheka. Akampigapiga kichwani kama mtu anayebembeleza paka, akaendelea kutafuta soksi zake.

Halafu ikasikika harufu. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya shati la meneja, lile jeupe la mikutano, na moshi ulishaanza kupanda.

"Mpaka leo hatujui kama lile shati liliungua kwa bahati mbaya," anasema mdogo wake, na hapo anacheka mpaka anafuta machozi. "Tulimwuliza baba mpaka anaingia kaburini. Anakutazama tu, anaomba chai."

Jioni hiyohiyo walikuwa barabarani na magodoro yao. Wakapanga chumba kimoja na kibaraza. Mzee akaweka meza yake ya pasi, akaanza kupokea nguo za majirani. Maisha yalikuwa magumu, nisiwadanganye. Lakini binti aliendelea na shule. Na siku moja baba yake akamwambia, bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiinyoosha, "Nifundishe kukataa."

Basi ikawa ndiyo kazi ya jioni. Mtoto anasoma, mzee anarudia. Mzee alianzia nyumbani. Chai hii siinywi, alisema kwa Kiingereza, kwa sababu imepoa. Mama yao akamjibu kwa Kiswahili, "Basi nenda kaipashe moto kwa Kiingereza hichohicho."

Wasikilizaji wapendwa, mwalimu wa kwanza wa Kiingereza katika familia ile alikuwa mtoto, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa baba yake. Akakua, akasomea ualimu, akapangiwa shule ya sekondari ya kutwa. Akapewa kidato cha kwanza. Hilo lilikuwa darasa lake na hakutaka jingine.

Mnakumbuka somo lenu la kwanza la Kiingereza? Mlifundishwa kusalimia. Mlifundishwa tafadhali na asante. Sikubali hayo yote aliyafundisha, lakini baadaye. Somo lake la kwanza lilikuwa kukataa. Anaingia darasani, anakwenda kwa mtoto aliye karibu, anamwambia kwa Kiingereza, nipe kalamu yako. Mtoto wa watu anatoa kalamu. Mwalimu anaipokea, anamwambia, "Umekosea." Anamrudishia. Anamwomba tena. Mtoto anatoa tena. Umekosea. Darasa zima linashangaa, huyu mama anataka nini?

Alitaka usimame. Umtazame machoni. Useme hapana. Halafu utoe sababu. Hapana, kwa sababu ninayo moja tu. Hapana, kwa sababu jana uliichukua hukuirudisha. Sababu ikimridhisha, alisema maneno mawili ambayo wanafunzi wake wanayakumbuka mpaka leo: "Sababu nzuri."

"Hapana tupu watu wanaicheka," aliwaambia. "Mimi nimeshachekwa. Inatosha."

Akafundisha hivyo miaka mingi, mpaka alipokuja mkaguzi.

Mkaguzi aliingia na mkuu wa shule nyuma yake. Viti vyote vimekaliwa, isipokuwa kimoja kule mlangoni, nacho kilikuwa kinayumba. Mkaguzi akamwendea msichana wa dawati la mbele, akamwambia kwa Kiingereza, inuka, nipe kiti hicho. Msichana akasimama. Akamtazama machoni. Akasema, hapana, kwa sababu mimi ninasoma na wewe umekuja kutembea.

Mkuu wa shule alitokwa na jasho mpaka kola ikalowa. Mkaguzi akakunja uso. Mwalimu akasema, "Sababu nzuri. Kaa." Akaendelea na somo.

Aliitwa ofisini. Mkuu wa shule alimpa masharti: amwombe radhi mkaguzi, msichana yule akaombe radhi mbele ya shule nzima, na kuanzia muhula ujao kidato cha kwanza kianze na salamu kama shule nyingine za watu wenye adabu.

"Sikubali," alisema. "Kwa sababu mtoto amefaulu mtihani niliompa mimi. Siwezi kumwadhibu kwa kufaulu."

"Basi kidato cha kwanza huingii tena."

"Kwa nini?"

Hakujibiwa. Wasikilizaji, shikeni hapo. Aliuliza kwa nini, na hakujibiwa.

Muhula ulipofunguliwa, Sikubali alikwenda moja kwa moja kidato cha kwanza. Mkuu wa shule akamfuata mbio, akasimama mbele ya ubao amemzibia. Watoto wapya, sare bado zina mikunjo ya dukani, wanatazama. Mwalimu akamnyooshea mkuu mkono wazi, akamwambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, nipe kalamu yako.

Na mkuu wa shule, kwa mazoea tu, akampa.

"Umekosea," alisema Sikubali.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wa darasa la jirani anasema alidhani paa limeanguka. Hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho katika shule ile. Alifukuzwa kabla ya kengele ya mapumziko.

Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Nami nimecheka, sikatai. Lakini msikilizeni binti yake, fundi cherehani, ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi.

"Mama alilia," anasema. "Watu wanadhani alikuwa chuma. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye meza ya babu ya pasi, akalia. Alikipenda kidato cha kwanza. Nilimwambia, mama, si uombe tu radhi yaishe? Akaniuliza, kwa sababu gani?"

Alipomaliza kulia, alifuta meza ile ile ya pasi, akaigeuza dawati. Katika chumba kile kile cha kupanga, ambacho aliendelea kukilipia baada ya baba yake, akafungua darasa. Walikuja wafagizi wa mahoteli. Walikuja madereva. Zaidi ya wote walikuja wasichana waliokuwa wanakwenda kufanya kazi za ndani nchi za mbali, ambako tajiri wao angewasemesha Kiingereza na hakuna jirani wa kumkimbilia. Wenzake walimwambia awafundishe majina ya vyombo, ufagio, pasi, jiko. Akasema hayo watayajua kwa siku mbili. Yeye aliwaomba pasipoti. Anamwambia msichana, nipe pasipoti yako nikuwekee. Msichana anatoa. Umekosea.

Mmoja wao alitupigia simu hapa studio wiki hii, kutoka hukohuko mbali. Anasema siku aliyofika, mama mwenye nyumba alinyoosha mkono. "Hata begi nilikuwa sijatua," alituambia. "Nikajiona niko kwenye ile meza ya pasi. Nikamwambia, hapana mama, kwa sababu ni yangu na jina langu ndilo lililomo. Alikasirika sana. Lakini ninayo. Hapa nilipo nimeishika."

Na kila mwaka shule zilipofunguliwa, Sikubali alivaa gauni lililopigwa pasi likanyooka, akaenda mpaka lango la shule ile, akaomba kurudishiwa darasa lake. Wakuu walibadilika. Jibu halikubadilika. Kila mkuu alisema haiwezekani, na kila mkuu aliulizwa kwa nini. Hakuna aliyetoa sababu. Alipofika umri wa kustaafu walifurahi, wakamwambia sasa umri umekwisha. Akawaambia, "Hiyo ndiyo sababu ya kwanza mnayonipa, na ni mbovu." Mwaka uliofuata akarudi.

Mwaka huu hakurudi, alikuwa hospitali. Binti yake alikuwepo mchana ule wa mwisho. Nesi wa zamu, kijana, alikuwa ameanza kujifunza kwake, mwalimu akiwa kitandani, maana mgonjwa alikataa kupumzika kwa madai kwamba hajachoka. Siku hiyo sauti ilikuwa imepungua. Akamwambia nesi kwa Kiingereza, nipe viatu vyangu, ninakwenda nyumbani.

Nesi alisimama wima. Akamtazama machoni. Akasema, hapana, mwalimu, kwa sababu bado tunakuhitaji.

"Sababu nzuri," alisema. Halafu akatabasamu. "Lakini sikubali."

Alifumba macho. Hakuyafumbua tena.

Wasikilizaji wapendwa, hatujamaliza. Msiba ulipotangazwa, ile shule ilituma ujumbe wa watu watatu wenye suti. Walisema marehemu ni fahari ya shule. Waliomba jeneza lipitishwe uwanjani, wanafunzi wajipange, na kibao cha shaba chenye jina lake kifunuliwe ukutani. Mpiga picha walishamleta, alikuwa anasubiri kwenye gari.

Binti yake alikuwa ameketi chini na waombolezaji. Akainuka. Akawatazama machoni. Akawajibu kwa Kiingereza, kile cha mama yake.

"Hapana," alisema. "Kwa sababu mama hakuomba kibao. Aliomba darasa, na hamkumpa wala hamkumwambia kwa nini."

Nyuma yake, kati ya waombolezaji, sauti moja ikasema, "Sababu nzuri." Ikafuata nyingine. Mwishowe ua mzima ulikuwa unasema hivyo, wafagizi, madereva, mama wa makamo ambaye zamani alimnyima mkaguzi kiti. Wenye suti waliondoka na kibao chao. Msiba ukaendelea, na Sikubali akazikwa jana, na watu wake.

Sisi wa kituo hiki tunatoa pole kwa binti yake, kwa mdogo wake, na kwa wajukuu. Tunatoa pole kwa kila aliyewahi kukaa kwenye meza ile ya pasi. Mungu amlaze mahali pema, na kama huko kuna malaika wa kuomba kalamu, basi na ajiandae.

Sasa ile dakika. Nilimwambia binti yake kwamba tutakaa kimya kwa heshima ya marehemu, ndiyo desturi ya kipindi. Akaniambia hapana. Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu kunyamaza ndiko kulikomtesa babu yangu," alisema. "Wape watu dakika hiyo waitumie."

Ndugu wasikilizaji, sababu nzuri. Kwa hiyo kipaza sauti hiki nakizima kwa dakika moja, lakini ninyi msikae kimya. Kuna jambo mmeitikia miaka na miaka, na mnalijua wenyewe. Popote ulipo, simama. Litazame machoni. Sema hapana, kwa sauti, kwa lugha yoyote uliyo nayo. Kisha toa sababu.

Dakika ni yenu. Anzeni.