Karatasi ya Kona Iliyokatwa: Maisha ya Papa Kambere Syauswa Éliakim

Jamaa, bakristu, majirani ba Kimemi na ninyi wote mulioacha kazi zenu leo, huyu tunayemusindikiza alitengeneza kitu ambacho karibu kila mumoja wenu yuko nacho ku nyumba, bila kujua ni mukono wake.

Papa Éliakim alizaliwa ku Kasugho tarehe 14 mwezi wa tano 1951, mutoto mwanaume wa pili, nyuma ya Papa Melchior. Alisoma primaire palepale mpaka mwaka wa tano. Mwaka 1964 vita bikafunga masomo, na darasani hakurudi tena.

Mwaka 1969 alikuja Butembo kufagia ndani ya studio ya mupiga picha mumoja. Kidogo kidogo akajifunza kusafisha picha ku taa nyekundu. Karatasi za picha zilikuwa zinatoka Ulaya, mara mingi zinafika zimelowana, donc mwaka 1976 akaanza kutengeneza zake. Alipika jelatini ku sufuria, akachanganya na nitrate ya fedha ya ku pharmacie, akapaka ule uji ku karatasi nene ya carte za batizo, akaanika ku kamba ndani ya giza kabisa. Kule gizani macho hayaoni upande gani uko na dawa. Kwa hiyo kila karatasi aliikata kona moja ndogo, ya juu, mukono wa kuume, bidole bipate kujua.

Barabara zilipofungwa na vita bya 1996, picha mingi za komunyo na za ndoa, kutoka Kayna mpaka Beni, zilisafishwa ku karatasi yake. Mais nyuma ya picha bapiga picha balikuwa banagonga muhuri wa studio zao. Jina lake halikuandikwa fasi hata moja. Kisha telefone zikafika, na batu bakasahau kama picha iliwahi kuwa na karatasi.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1981 alimuoa Mama Kaswera, hapa Butembo. Ndoa ilikuwa ingali mupya, bwana ameenda soko, bibi akaingia ndani ya kile chumba cha giza, akakuta karatasi za maji zimetundikwa kama nguo. Akamuhurumia. Akatoa pazia nyeusi, akafungua dirisha zikauke na jua. Zote zikageuka nyeusi. Bwana aliporudi aliziangalia moja moja, akamuambia tu: “Basi leo umepiga picha ya jua.” Tangu siku ile Mama Kaswera akawa mulinzi wa pazia. Majirani bakamuita bibi wa popo, naye akawajibu kama popo anakula vizuri kuwapita.

Mwaka 2019 mutoto wao Luc alitoka Beni na moto, ile pikipiki yake, akapita barabara ya Eringeti, hakurudi mpaka leo. Telefone na picha zake zote zilienda naye. Ilibakia négatif moja tu, kipande cha filamu, Luc amesimama ku mulango, na ile ilianza kuoza. Mwezi wa tatu mwaka huu Papa Éliakim aliogopa iishe mbele hajapata dawa ya kusafisha. Akapitisha mwangaza ndani yake ku karatasi ya mwisho aliyobakia nayo, akaifungia ndani ya sanduku ya biskuti. Négatif ikapasuka. Sura ya Luc iko ndani ya ile karatasi, mais bado haijaonekana, na mwangaza kidogo tu utaimaliza.

Mwezi wa nane moyo ulianza kumuchokesha. Mama Kaswera alilala kando ya mugonjwa, sikio moja kwake, ingine ku mulango wa kile chumba. Alituacha juzi asubui. Neno lake la mwisho lilikuwa: “Mama Luc, kifuniko.”

Desturi ya jamaa yetu inajulikana: bitu bya marehemu binafunguliwa inje, mbele ya wote, mutu asiseme kuna kilichofichwa. Jana Papa Melchior alifika ku ile sanduku. Mama Kaswera akaikalia.

“Mama Luc, ndani kuna nini?”

“Kuna Luc.”

Mumoja akacheka, akauliza tangu lini mutu mukubwa anaenea ndani ya biskuti. Mama Kaswera akamushika shemeji yake mukono, akamuingiza ndani ya chumba, akafunga pazia, akamuambia atie mukono mwenyewe. Tulingojea inje. Papa Melchior akatoka pole pole.

“Ni karatasi moja,” akasema. “Kona imekatwa. Hapana mutu afungue.”

Ndiyo sababu leo hamumuoni Papa Melchior hapa kaburini kwa mudogo wake. Amebaki ku ule mulango, na kiti chake. Dawa ya kusafisha iko na Nassoro, rafiki wa marehemu, ndani ya camion yake ku barabara ya Beni, mais convoi ya magari imesimama. Mukirudi nyumbani kula, tunawasihi, hapana kusukuma pazia nyeusi, hapana kumulika telefone.

Anaacha mujane, Mama Kaswera. Mukubwa wake, Papa Melchior. Batoto bake Providence, Muhindo, na Luc tunayemungojea. Na bajukuu saba.

Papa Éliakim, pumzika na amani. Mwangaza wa milele ukufikie wewe, na huu wetu wa hapa ungoje kwanza inje ya sanduku.