Mzee Msabaha na Chupa Zake za Oili Chafu

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, Mzee Msabaha Mwinjuma anastaafu baada ya kuitumikia Gereji ya Mwambao, Bagamoyo, kwa miaka ishirini na mmoja. Alianza kazi Jumatatu moja ya mwezi Juni mwaka 1957, na tangu hapo amechelewa mara moja tu, siku aliyozaliwa binti yake wa mwisho, Sihaba. Hata siku hiyo alifika saa nne, akanawa mikono, akauliza ni nani aliyethubutu kumwaga oili bila ya kumsubiri.

Mwandishi wa wasifu huu ni Abdala Bwanausi, fundi mkuu. Kamati ya sherehe imempa kazi hii kwa sababu, kwa maneno ya kamati, hakuna mtu aliyebishana na Mzee Msabaha kama yeye. Ni kweli, na kweli hiyo haimpendezi mwandishi hata kidogo.

Mzee Msabaha ni mtoto wa Bagamoyo, wa nyumba ya mabaharia. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mtia mafuta katika meli ya moshi iliyokuwa ikienda Tanga na kurudi Mtwara. Huko chini, kwenye joto la mitambo, alimwona injinia wa meli akichovya kijiti ndani ya oili, akidondosha tone moja juu ya karatasi ya kukaushia wino, kisha akikaa kulitazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Msabaha akatazama naye. Aliposhuka melini kwa mara ya mwisho alishuka na nguo zake, tasbihi ya marehemu baba yake na desturi hiyo.

Kwetu sisi oili chafu ilikuwa kitu cha kupaka nguzo za ua ili mchwa wasile. Kwake yeye ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kusema. Alingoja injini iwe ya moto, maana ikipoa uchafu wote hukaa chini. Oili ya mwanzo aliiacha ipite, ya mwisho hakuitaka, ile ya katikati ndiyo aliyoikinga kwa kichupa kidogo. Juu ya kichupa aliandika jina la mwenye gari, tarehe na maili. Kisha tone moja karatasini, na karatasi kwenye kamba, imebanwa kwa kibanio cha nguo. Kufika kesho yake tone limetambaa na kufanya duara. Katikati pakiwa peusi mno, injini ina masizi. Ukingo ukiwa wa njano, petroli imepenya. Ukingo ukichongoka kama meno ya msumeno, kuna maji. Oili iliyobaki aliimimina kwenye sahani nyeupe ya bati na kupitisha sumaku chini yake, na chembe za chuma, kama zipo, zilisimama na kuifuata.

Rafu yake ilikuwa kwenye dirisha linalotazama bahari. Asubuhi jua lilipita katika vichupa hamsini na kitu, vingine rangi ya asali, vingine rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, na karatasi zikapepea juu yake polepole. Ukija kuchukua spana unajikuta umesimama. Mwandishi amesimama pale mara nyingi mpaka chai yake ikapoa, akiwaza barabara zote zilizoyeyuka ndani ya vichupa vile, vilima, vumbi na mvua, na watu waliokuwa wakicheka ndani ya magari hayo bila kujua kwamba Mzee Msabaha atakuja kuisoma safari yao. Zilikuwa asubuhi za kuota ukiwa macho, na meneja alizichukia sana.

Aliyoyapenda hasa ni magari ya kasi. Miaka ile ya sitini yalikuja kutoka Dar es Salaam kila Jumapili, ya viti viwili, yaliyolala karibu na ardhi, yenye sauti ya kuamsha watoto, yakikimbizana kwenye njia ya Makurunge. Mzee Msabaha alisema lori likiugua hulalamika wiki nzima, bali gari la kasi huona haya kulalamika, hujikaza mpaka siku linapokufa njiani. Kwa hiyo lazima uliulize mapema, tena kwa upole.

Wapo watakaokumbuka mwaka 1966, alipokuta vumbi jekundu katika oili ya gari la mteja wetu, Bwana Dadi. Baada ya salamu, na baada ya kuulizia hali ya nyumbani na ya Pangani alikotoka, alitaka kujua gari lilikwenda lini Fukayosi. Bwana Dadi aliapa kwamba gari halijatoka mjini, lilikuwa chini ya turubai mwezi mzima naye yuko safarini. Mdogo wake, Mwishehe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi letu akila karanga, akainuka na kuondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo vijana wa mjini walimpa Mzee Msabaha shikamoo zao kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa tufike mwaka 1970, kwani wasifu utakaouruka mwaka huo utakuwa uongo. Bwana Muhidini, muuza vitambaa wa hapa mjini, alikuwa na gari jekundu la kasi, na kwa miezi mitano tulilitayarisha kwa Mbio za Idi, kwenda Msata na kurudi. Yeye angeendesha. Mwandishi angekaa kiti cha kushoto na kumsomea njia. Hatukuwa na mazungumzo mengine. Wakati huo ilikuwapo maabara moja Dar es Salaam ambako tone la oili lilichomwa, na mwanga wake ulipochambuliwa ukaonyesha ni madini gani yaliyomo. Mzee Msabaha alipenda habari hiyo kupita kiasi, akawa anapeleka vichupa vyake huko kila mwezi.

Siku tano kabla ya Idi barua ilirudi. Oili ya gari jekundu ilikuwa na risasi na antimoni nyingi mno, na hayo ndiyo madini ya beringi. Mzee Msabaha akasema injini ifunguliwe. Tukaifungua, na beringi zote ziling'aa kama zimetoka dukani siku hiyo. Kuifunga tena kwa wakati haikuwezekana. Siku ya Idi Bwana Muhidini alikaa kwenye benchi la gereji na kanzu yake mpya, akisikiliza magari ya wenzake yakiondoka mpaka sauti zikaisha. Mwandishi alisema maneno mengi siku ile, mengine hayafai kuandikwa. Karatasi za dirishani alizing'oa kwa mkono wake, na meneja akaamuru rafu iondolewe.

Majuma mawili baadaye Bi Kibibi, mkewe Mzee Msabaha, alikuwa akijitayarisha kwenda harusini. Akatafuta kichupa chake cha wanja wa manga, hakukiona, akamuuliza mumewe. Mzee Msabaha aliketi kitini kwanza, ndipo akajibu. Vichupa vyake vyote alivipata kwa jirani na nyumbani, vya dawa, vya marashi, na kimoja, kumbe, cha wanja. Alikuwa amekisuuza kwa maji ya moto, lakini wanja wa manga ni jiwe lililosagwa, lenye madini yale yale, nao ulikuwa umeganda chini. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Maabara ilikuwa imepima macho ya Bi Kibibi.

Hakuna mtu ambaye angejua. Angeweza kuitupia maabara lawama na mambo yakaisha. Badala yake kesho yake wakati wa chai alisimama mbele yetu sote wanane, akasema, “Kosa ni langu. Injini ilikuwa nzima, kichupa ndicho kilichokuwa na wanja.” Watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Yeye alingoja wamalize, kisha akamwomba meneja amruhusu kuendelea nje ya saa za kazi, kwa vichupa vipya visivyowahi kutiwa kitu. Meneja akakubali kwa shingo upande.

Mwandishi hakucheka wala hakusamehe. Miaka miwili mizima alimwita Bwana Wanja, tena mbele ya wateja. Mzee Msabaha aliitika.

Mwaka 1972 gari jekundu lilikuwa tayari tena. Mwandishi alikuwa ameshatia sahihi kwamba ni zima, na kofia yake ya mbio ilikuwa kwenye kiti cha kushoto. Mzee Msabaha akaja na daftari lake. Machi shaba, madini ya tabaka la ndani la beringi, ilikuwa kidogo, Juni imeongezeka, Septemba imezidi maradufu, na risasi ikipanda pamoja nayo. Katika sahani nyeupe kulikuwa na vimetameta ambavyo sumaku haikuvitikisa. Alieleza kwamba safari hii hategemei kichupa kimoja, anaangalia namna hesabu inavyopanda. Mwandishi akamwambia, watu wote wakisikia, aende kwanza akaulize nyumbani ni wanja wa nani. Hata Bwana Muhidini alitabasamu.

Hapo ndipo Mzee Msabaha alipofanya jambo ambalo wengi wetu tusingeliweza. Hakupandisha sauti, hakubisha. Alimpa Bwana Muhidini kichupa kipya ambacho hakijafunguliwa, akamwomba aikinge oili kwa mkono wake mwenyewe, aipeleke Dar es Salaam mwenyewe, na yeye, Msabaha, asikiguse kichupa hicho hata kidogo. Bwana Muhidini alikwenda, zaidi ili maneno yaishe. Jibu alilorudi nalo lilikuwa lile lile la daftari. Kisha akaja akalifuta jina lake katika orodha ya mbio.

Mwandishi aliifungua injini ile kwa hasira, akitaka kumwonyesha mtu. Beringi ya silinda ya tatu ilikuwa imemenyeka mpaka ndani, imepasuka upande mmoja, na kipande kilichobaki kilitoka chenyewe mkononi. Kwa mwendo wa mbio isingefika Msata. Injini ingenoki na magurudumu yangejifunga, labda kwenye mteremko, labda penye korongo. Mzee Msabaha alisogea, akatazama, akafuta mikono yake. Akasema wakati wa alasiri umefika, akaenda zake kusali.

Tangu mwaka huo hakuna gari lililotoka kwetu likanoki njiani. Rafu ilirudi dirishani, na meneja mwenyewe ndiye aliyeipigilia misumari. Hata katika miaka hii ya uhaba wa petroli, magari ya kasi yalipokwisha kuwa machache, wenye malori ya Mbegani na matrekta ya Makurunge walileta vichupa vyao kwake, na aliwasomea kwa heshima ile ile. Madaftari yake yamefika kumi na saba, yote kwa mwandiko wa kulala, na yatabaki nasi.

Mzee Msabaha, hapa naomba niache kujiita mwandishi. Miaka sita nimengoja siku utakayoniambia kwamba ulisema na mimi sikusikia, ili na mimi nipate mahali pa kuanzia. Hukuniambia. Ulikuja kazini kila asubuhi, ukaniuliza nimeamkaje na watoto hawajambo, basi. Nilikuita jina baya mbele za watu, na mbele za watu nasema kwamba ulikuwa na haki, nami nilikuwa mjinga mwenye kelele. Nakuomba radhi, Mzee wangu.

Gereji nzima inakushukuru kwa kazi ya mikono yako, na inakuombea wewe na Bi Kibibi afya, utulivu na miaka mingi ya raha. Mimi nina watoto wanne. Wawili wamezaliwa baada ya Idi ile ya mwaka 1972. Nimekuja nao wote leo, wakuamkie.