Nesta Nzunda na Nusu Saa Yake ya Asubuhi

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi Barnaba, mdogo wake, kazi ya kumsimulia marehemu. Machozi nitayafuta baadaye. Dada yetu hakupenda kazi ikwame.

Marehemu Nesta alizaliwa hapa Ihanda tarehe 3 Machi 1914, mtoto wa pili wa mzee Yonasi Nzunda na mama Leah. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1926 hadi 1931, kisha akafundishwa uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu. Mwaka 1938 alifunga ndoa na shemeji yetu Osea, mkulima wa kahawa, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi alianzia kwenye zahanati ndogo bondeni, upande wa Kamsamba. Februari 1944 homa iliwaangusha watu wengi, naye akahudumu siku kumi na moja bila kulala vizuri wala kula akashiba. Siku ya kumi na mbili alimpa mtoto mmoja kwinini, dawa kali ya homa, akazunguka chumba, akasahau, akarudi akampa tena. Mtoto alipona homa, lakini masikio yake hayakusikia tena. Dada hakujificha. Alikwenda kwa wazazi, akapiga magoti, akasema, "Ni mimi. Nilichoka, nikajifanya sijachoka."

Tangu hapo alijiwekea sheria. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alikaa nusu saa kwenye kigoda nyuma ya zahanati, mikono magotini, akivuta pumzi taratibu. Aliwakumbuka wagonjwa wa jana mmoja mmoja, akawakabidhi kwa Mungu. Kisha alikunywa uji wake, ndipo akaingia kazini. Mwaka 1945 alihamia zahanati ya kanisa letu hapa nyumbani, na sheria yake akaja nayo.

Hapo ndipo tulipogombana. Sisi huku mtu akikusalimu kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, unaitikia. Usipoitikia, umemdharau yeye na ukoo wake. Dada akiwa kigodani hakumwitikia mtu, hata baba mkwe wake. Wengine wakasema anaongea na mizimu. Julai 1946 wazee wa kanisa tulimwita, na mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Nilimwambia, "Dada, unatuaibisha. Acha kukaa huko, au acha funguo hapa."

"Wazee wangu, na wewe Barnaba," akajibu, "mnataka niwaitikie salamu, au niwapimie dawa sawasawa?" Akaweka funguo mezani, akaenda kuchuma kahawa.

Zahanati ilifungwa wiki tatu. Wiki ya nne mke wangu Aida alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilikimbia shambani, funguo mkononi, aibu usoni. Dada alikuja papo hapo, wala hakunikumbusha neno. Binti yetu Jenista alipozaliwa salama, ndipo akasema, "Narudi kazini, Barnaba, na nusu saa yangu narudi nayo." Nilimtetea mbele ya wazee wote. Kuanzia hapo wagonjwa walipiga makofi, wakaketi kimya, naye alipofungua mlango aliitikia salamu zote, moja baada ya nyingine. Siku moja nilijaribu kukaa naye. Nilikoroma! Alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka jana alianza kuumwa ini. Hata kitandani hakulegeza sheria. Kila alfajiri alimwambia Ferista, muuguzi ambaye dada mwenyewe alimfundisha kazi na ambaye sasa alimuuguza, "Toka, mwanangu, nenda kakae nusu saa yako." Jana, Alhamisi tarehe 14 Agosti 1958, Ferista alitoka kama alivyoagizwa. Aliporudi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alimkuta dada ameshakata roho.

Marehemu ameacha mume wake Osea, watoto wake Danieli, Marta na Tuntufye, mimi mdogo wake, na wagonjwa wasio na idadi. Ameacha pia Ferista, ambaye tangu jana hajala, akisema amemwacha mama yake afe peke yake.

Ferista, binti yangu, simama watu wakuone. Hukumwacha. Ulimtii. Leo utakula na kulala. Kesho asubuhi utakaa nusu saa yako yote, ndipo ufungue mlango. Wagonjwa watasubiri, na mzee atakayelalamika atanikuta mimi pale mlangoni.

Dada yetu amechoka kihalali. Bwana ampumzishe kwa amani yake.