Kumuaga Bi Miska, Aliyesoma Nyota kwa Kirusi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, masheikh na wazee wetu, wageni waalikwa mliotoka Kenton na Neasden, ndugu zangu wa hapa Stratford, London: assalaam alaykum, na karibuni nyote.

Mimi ni Zainab. Nimefanya kazi na Bi Miska Hamad katika nyumba ya kutunzia wazee, na leo tunamuaga. Wengi mnamjua kama mlezi. Je, mlijua kwamba ujanani, akisoma Krimea, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliochambua habari zilizotumwa na Astron, darubini ya Wasovieti iliyokuwa ikizunguka angani? Mimi sikujua. Aliyegundua ni Jennifer, bibi mmoja tuliyemtunza, mdadisi kupita kiasi, aliyemuuliza asubuhi moja ya mwaka 1996 alifanya nini kabla ya kuja London.

Aliposikia jibu, Jennifer aliweka kijiko cha uji chini. "Kwa nini darubini iwe angani? Milima haikutosha?"

"Hewa inazuia miale isiyoonekana kwa macho, ya urujuanimno na ya eksirei," Miska akasema. "Ukiitaka, lazima upande juu ya hewa."

"Na mliona nini?"

"Mwaka 1987 nyota ililipuka. Tukaitazama."

"Katikati pakabaki nini?"

"Hatukujua. Darubini ilinyamaza, nchi yenyewe ikavunjika, nami nikaja huku."

"Na hutaki kujua?"

Miska alichukua bakuli la uji, akatoka. Nilimkuta chumba cha kufulia, analia juu ya mashuka. "Nataka, Zainab," akaniambia. "Lakini fizikia yangu yote iko kwa Kirusi."

Ndugu zangu, nani kati yetu angeanza upya, mchana kazini, jioni darasani? Yeye alianza. Istilahi za Kiingereza alimkariria Jennifer kila asubuhi, akisahihishwa bila huruma. Mtihani wa kwanza alianguka, akaurudia. Jennifer alifariki kabla ya kumwona akivaa joho, na furaha ya siku ile haikutimia. Lakini joho alilivaa, Dokta Miska wetu.

Jumatatu anaanza kazi katika chuo kikuu huko kaskazini, kuichunguza nyota ileile. Jana nilimuuliza, "Unadhani utakuta nini?"

Akacheka kama msichana. "Sijui, Zainab. Hakuna anayejua!"

Sijapata kumwona mtu akifurahia kutojua namna ile.

Nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Dokta, safari njema. Ukishaona, tupigie simu.